Kutu Iondoke, Chapa Zibaki

Anayekarabati Luger P08 nyumbani hushawishika kuanza na msasa na kumalizia na dawa ya kukipa chuma weusi mpya. Nashikilia kwamba kazi hiyo, hata ikifanywa na fundi hodari, huharibu kuliko kutu yenyewe. Bastola hii, iliyoingia jeshi la nchi kavu la Ujerumani mwaka 1908, imeandikwa mwili mzima. Vipande vyake vilisawazishwa kwa mkono mpaka vikaingiana. Kwa hiyo hata vilivyo vidogo viligongwa tarakimu za mwisho za namba ya bastola, visije vikachanganyika na vya nyingine. Juu ya chemba mara nyingi kuna mwaka, ubavuni chapa za wakaguzi, na mbele ya mpini, kwa baadhi ya bastola hizi, alama ya kikosi. Rangi nayo ni ushahidi: kwa miaka mingi chuma kilitiwa weusi kwa kutu iliyolelewa makusudi, na vipande kama kifyatulio vikapewa kwa moto rangi ya majani makavu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930, kiwanda cha Mauser huko Oberndorf kilikuwa kimehamia kwenye kuvichovya katika chumvi za moto.

Itasemwa kwamba jeshi lenyewe lilizikarabati bastola hizi. Ni kweli. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mkataba wa Versailles ulilibana jeshi hilo lisizidi watu 100,000, na Luger nyingi za vitani zikarudi karakana, nyingine zikabadilishiwa mitutu. Baadhi zina tarehe mbili juu ya chemba: ya kiwandani, tuseme 1917, na 1920, iliyogongwa kuonyesha ni mali ya serikali. Karakana iliongeza maandishi, msasa huyafuta.

Lakini kutu ikiachwa si itakula chuma chote? Itakula, na haifai kuachwa. Ila kuizuia kwa mafuta, kitambaa na subira si sawa na kukwangua chuma mpaka king'ae. Springi iliyokatika ibadilishwe, ile kuukuu itunzwe pamoja na bastola. Linaloniudhi hasa ni kufuta namba ya kipande kigeni na kugonga nyingine ili bei ipande: huko ni kughushi. Kipande chenye namba tofauti huenda kiliwekwa na fundi wa kikosi vita vikiendelea, na kikiachwa kilivyo, mtafiti bado anaweza kukihoji.