Joshua Slocum na Kalafati ya Spray

Majira ya baridi ya mwaka 1892, mjini Boston, nahodha mstaafu wa vyombo vya kuvua nyangumi aitwaye Eben Pierce alimwambia Joshua Slocum kwamba anayo merikebu ya kumpa bure, ila inataka kutengenezwa kidogo. Siku ya pili yake Slocum akenda Fairhaven, mji unaotazamana na New Bedford, na huko akagundua kuwa amefanyiwa mzaha. Hiyo merikebu ilikuwa chombo kikuukuu cha mlingoti mmoja, kimesimamishwa shambani kwa magogo na kufunikwa turubai, mbali kidogo na maji ya chumvi. Kilikuwa kimekaa pale miaka 7. Jina lake Spray, yaani rasharasha za mawimbi. Majirani waliomwona mgeni akikizunguka walidhani amekuja kukivunja kwa kuni.

Mtu huyu hakuwa mnyonge wa kukubali kila apewacho. Alizaliwa Nova Scotia, ambayo leo ni sehemu ya Kanada, tarehe 20 Februari 1844, mwana wa mshona viatu. Skuli aliisoma kidogo tu. Akiwa na umri wa miaka 14 alitoroka nyumbani akawa mpishi katika chombo cha wavuvi. Akapanda daraja kwa daraja mpaka akawa nahodha wa merikebu kubwa za matanga, na miongoni mwa hizo ilikuwamo Northern Light, fahari ya zama zake. Mkewe wa kwanza, Virginia, aliyemuoa Sydney mwaka 1871, aliishi naye baharini na kumzalia watoto humo humo melini, na akafia katika merikebu Aquidneck ilipokuwa imetia nanga Buenos Aires mwaka 1884. Miaka mitatu baadaye Aquidneck yenyewe ikapanda fungu kwenye pwani ya Brazili ikavunjika. Slocum hakuomba nauli ya kurudi kwao. Alikusanya mbao, akaunda pale pale mtumbwi wa matanga wenye urefu wa futi 35, na kwa kuwa ulishushwa majini tarehe 13 Mei 1888, siku watumwa wa Brazili walipotangazwa kuwa huru, akauita Liberdade, yaani Uhuru. Ndani yake akamrejesha Marekani mke wake wa pili na wanawe wawili.

Lakini Marekani aliyoirudia haikuwa na haja naye. Meli za moshi zilikuwa zimekwishainyakua bahari. Nahodha wa tanga aliyezidi miaka arubaini alikuwa kama fundi wa mitepe mbele ya majahazi ya misumari: ujuzi wake wote mkononi, na mteja hayupo. Hii ndiyo hali iliyomkuta mbele ya kile kichekesho cha Pierce, na ndiyo sababu hakucheka akaondoka. Aliuliza shoka liko wapi.

Karibu na shamba lile ulisimama mwaloni, akaukata ukawa mkuku. Mataruma aliyafukiza kwa mvuke mpaka yakalainika, akayapinda juu ya gogo na kuyaacha yakauke na umbo lake. Fashini ya omo ilitoka katika mwaloni mwingine. Mbao za ubavuni zilikuwa za msonobari wa Georgia, unene wake inchi moja na nusu. Kila kilichooza kilitolewa na kipya kikaingia mahali pake, hata mwishowe ilikuwa shida kusema ni wapi Spray ya zamani ilipokwisha na mpya ilipoanza. Slocum hakuona tatizo. Kwa sheria ya mabaharia, chombo kinachotengenezwa kipande kwa kipande hubaki na jina lake, hata kama hakikubaki na ubao mmoja wa awali. Fundi wa Matondoni au wa Nungwi hangebishana naye. Nani aliyepata kusikia jahazi likibadilishwa jina kwa sababu limetiwa mbao mpya?

Ilipofika kazi ya kalafati, wazee wa Fairhaven walikuja kusimama na kutazama. Slocum alitanguliza pamba, akaishindilia ndani ya mwanya kwa patasi na nyundo, kisha juu yake akatia uzi wa katani uliochambuliwa kutoka kamba kuukuu. Wengine walitikisa vichwa wakisema pamba itatambaa itoke. Haikutambaa. Chini alipaka rangi ya shaba, na siku ya pili yake kikashushwa majini. Kilielea, kwa maneno ambayo msomaji wa pwani hatahitaji kufafanuliwa, bila ya kutaka mtu wa kukumba maji. Kazi yote ilichukua miezi 13 na dola 553 na senti 62 za vifaa, bila kuhesabu jasho lake. Chombo kilikuwa na urefu wa futi 36 na inchi 9, na upana wa futi 14 na inchi 2: kifupi, kinene, kipana kama mwanamke wa makamo aliyekaa barazani.

Tarehe 24 Aprili 1895 aling'oa nanga Boston, peke yake. Saa yake nzuri ya baharini aliiacha kwa kuwa kuitengeneza kungemgharimu dola 15. Nova Scotia akanunua saa ya bati, ambayo kwa kuwa uso wake ulikuwa umevunjika, mwenye duka alipunguza bei kutoka dola moja na nusu hadi dola moja. Kwa saa hiyo, na kwa kupima nafasi baina ya mwezi na jua kama walivyofanya wazee, alivuka Pasifiki. Safari moja hesabu zake zilikataa kukubaliana. Akazirudia, akagundua kosa liko ndani ya jedwali lililochapishwa, si kichwani mwake. Ni mtu aliyezoea kukagua mbao moja moja ndiye awezaye kuthubutu kukagua na kitabu.

Aghalabu wanaosimulia safari hii hupenda kisa cha Azores. Slocum alikula plamu na jibini, akashikwa na tumbo kali akaanguka chini chumbani huku tufani ikivuma. Alipofumbua macho alimwona mtu mrefu ameshika usukani, aliyejitambulisha kuwa mwongozaji wa Pinta, chombo cha Columbus. Asubuhi Spray ilikuwa ingali katika njia yake. Kisa ni kitamu, lakini mwongozaji wa kweli alikuwa ule mkuku mrefu wa mwaloni. Slocum alikuwa ameyapanga matanga na uzito wa chombo kwa mizani ambayo usukani ukifungwa kwa kamba, Spray huenda yenyewe. Mwaka 1897, kutoka kisiwa cha Thursday kaskazini ya Australia hadi visiwa vya Keeling katika Bahari ya Hindi, maili 2,700, alisafiri siku 23, na katika siku zote hizo hakushika usukani zaidi ya saa tatu. Upepo uliomsukuma ndio huo ambao hufika mwambao wa Waswahili kwa jina la kusi.

Mizani hiyo haikupatikana siku moja. Buenos Aires aliufupisha mlingoti kwa futi 7 na mlingoti wa maji kwa futi 5, maana aliona vimezidi. Baadaye akasimamisha galme ndogo tezini. Mwezi Machi 1896 tufani ilimtoa Mlango-bahari wa Magellan ikamsukuma kuelekea Rasi Horn, tanga kubwa likararuka vipande. Usiku akajikuta katikati ya miamba inayotoa povu pande zote, na kulipokucha akapenya. Kilichofuata hakisimuliwi sana: siku za kukaa na sindano na uzi, akishona tanga viraka juu ya viraka. Huko huko Punta Arenas, nahodha mmoja aitwaye Samblich alimpa mfuko wa misumari midogo ya mazulia, akamwambia asiikanyage. Usiku Slocum aliimwaga juu ya sitaha akalala, na wenyeji waliopanda pekupeku wakaruka baharini wakipiga makelele. Slocum analisimulia jambo hili kwa furaha kupita kiasi. Watu wale walikuwa wakimalizwa na wafugaji kondoo waliowanyang'anya nchi, na hilo halipati nafasi kubwa katika kicheko chake.

Tasmania alikipandisha chombo pwani, akakagua chini ubao kwa ubao akitafuta funza watoboao mbao, asiwaone, na juu ya hivyo akapaka tena rangi ya shaba. Durban, mwezi Novemba 1897, alikutana na Stanley, yule yule aliyetua Unguja mwaka 1871 kukodi wapagazi wa kumtafuta Livingstone. Stanley alimuuliza itakuwaje Spray ikigonga mwamba, ilhali haina vyumba vya kuzuia maji. Jibu la Slocum lilikuwa kwamba haipaswi kugonga mwamba.

Usiku wa tarehe 27 Juni 1898 alitia nanga Newport, baada ya maili 46,000, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga. Siku chache baadaye alikipeleka chombo Fairhaven, akakifunga kwenye kigingi kile kile cha mwerezi kilichokishika siku kiliposhushwa. Hakikuwa kikivuja. Kitabu chake kilitoka mwaka 1900, na hadi leo huchapishwa.

Kisha akatulia. Alinunua shamba katika kisiwa cha Martha's Vineyard, lakini ardhi haikumkalisha. Kila majira ya baridi alikwenda visiwa vya Karibi, akirudi na kombe za kuuza. Walioiona Spray miaka hiyo waliandika kuwa imechakaa, kamba zimelika, chombo hakina usafi. Mkono uliochagua kila ubao ulikuwa umechoka, au moyo wake. Mbao za mwaka 1894 sasa zilikuwa na umri wa miaka kumi na minne, na chombo ni kama mgonjwa wa siku nyingi: hakisemi kinapoumwa.

Novemba 1908, ingawa vitabu vingi viliandika 1909, aliondoka kisiwani kuelekea mto Orinoco. Alikuwa na umri wa miaka 64, na kuogelea hakupata kujifunza maishani mwake. Wako waliosema amepigwa na meli ya moshi gizani, na wako waliosema ni nyangumi. Anayejua kazi ya kalafati huwaza kwanza mwanya mmoja chini ya maji, na mtu mmoja aliyelala. Mahakama ilimtangaza kuwa amekufa mwaka 1924. Haukuonekana ubao, wala kasia, wala kipande cha tanga.