Maziwa ya Kopo na Mfuko wa Dharura

Zamani mtoto wa miezi saba akizaliwa, watu walisema tumwachie Mungu. Maziwa ya kopo nayo yalitangazwa sana, wamama wakaacha titi, mpaka Shirika la Afya Duniani likaweka kanuni mwaka 1981. Kenya ilitunga sheria yake 2012. Kwa hivyo sisi wanachama kopo tulikuwa tunaliogopa.

Halafu 2017 mwenzetu akajifungua mtoto wa kilo moja na nusu. Hana nguvu ya kunyonya, na maziwa ya mama yanatoka matone matone. Muuguzi akamwambia akamue kila baada ya masaa mawili matatu, ampe kwa kikombe, si kwa chupa. Yanayopungua yajazwe na ya kopo. Na kopo lenyewe bei yake, jamani! Tulifungua mfuko wa dharura. Wengine walinung'unika, ati huu ni mkopo ama msaada? Tukabishana mpaka jioni, ikapita kuwa ni msaada.

Maziwa ya mama yaliongezeka, kopo likapunguzwa, wiki ya sita likaachwa. Benki ya maziwa ya akina mama pale Pumwani ilifunguliwa 2019. Yetu sisi ilikuwa lile sanduku la kufuli tatu.