Moshi, Pipa na Leseni

Wiski ya moshi kutoka Islay, kisiwa cha Uskoti, inanukia kama dawa ya hospitali iliyoangukia jikoni la kuni. Wengi hukunja uso. Mimi nimelelewa Kedowa, na mara ya kwanza kuionja nilimfikiria kogo na sotet yake.

Sotet ni kibuyu cha mursik. Unachoma vijiti vya senetwet, unasugua mkaa wake ndani ya kibuyu, kisha unamimina maziwa na kuyaacha siku kadhaa, hata wiki. Yanatoka na rangi ya kijivu na ladha ya moshi. Wanariadha wetu hupokewa nayo uwanja wa ndege.

Islay, moshi unaingia mapema zaidi. Shayiri iliyoota hukaushwa juu ya piti, udongo wa kinamasi uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka. Fenoli za moshi hushika punje na kuvumilia hadi mwisho wa kukenekwa. Kisha pombe inaingia pipa la mwaloni, mara nyingi lililokuwa na bourbon Marekani, ndani limechomwa hadi likawa mkaa. Mkaa ndani ya chombo, kama kwa kogo tu! Kila mwaka kama asilimia 2 huvukia hewani. Moshi unapoa, utamu wa vanila unapanda.

Lakini kungoja kunahitaji ruhusa, na hapa ndipo historia inaniudhi. Waskoti nao walikuwa wakipika kwa kujificha mabondeni, na mtu anayekimbia watoza ushuru haweki pipa miaka kumi. Sheria ya 1823 ilipunguza ushuru na kuweka leseni ya pauni 10. Mwaka uliofuata George Smith wa Glenlivet akachukua yake. Umri wenyewe ulikuja kuwa sharti baadaye sana: miaka 2 mwaka 1915, miaka 3 mwaka 1916.

Huku kwetu mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia pombe kali kuuziwa Waafrika, na ule wa Saint-Germain wa 1919 ukaendeleza hayo. Miaka ya 1920 kampuni za Waingereza zikapanda chai Kericho, na mabwana wa mashamba walikunywa wiski yao bila wasiwasi. Baada ya uhuru tukajipiga marufuku wenyewe: chang'aa ilikatazwa 1980 hadi 2010. Miaka 30! Ingetosha kukomaza mapipa ya kifahari. Badala yake ikanywewa ingali moto, kabla karao hajabisha, na wengine wakaongeza methanoli ili iuzike haraka. Novemba 2000 kinywaji cha aina hiyo kiliua zaidi ya watu 100 Nairobi.

Tangu 2010 unaweza kuipika ukiwa na leseni, uiuze kwa chupa ya glasi. Mama wa kijijini anayepika kwa pipa la bati na maji ya mto, glasi ataitoa wapi? Bado anapika usiku, na kufika asubuhi imeisha.

Mursik haikuwahi kuulizwa leseni. Inangoja kibuyuni mpaka iive.