Jumba la Bungarribee lililovunjwa Doonside

Watalii wanaofika Doonside, kilomita 40 hivi magharibi ya katikati ya jiji la Sydney, hufuata wanyama. Wapo koala wa Featherdale, na jirani wapo simba wa Sydney Zoo, waliotoka kwetu Afrika kwa asili, katika bustani iliyofunguliwa Desemba 2019. Majumba ya kale hayamo katika ratiba yao. Lililokuwa maarufu kuliko yote, Bungarribee, lilivunjwa mwaka 1957.

Mwenyewe alikuwa Mskoti, John Campbell, aliyehamia huko na mkewe Annabella na watoto wao mwanzoni mwa miaka ya 1820. Serikali ya koloni ilimkatia ekari 2,000 za ardhi ya Wadharug, wenyeji wa asili, ambao hakuna aliyewauliza. Akiwatumia wafungwa waliosafirishwa kutoka Uingereza, alianza kujenga nyumba ya matofali yenye baraza na chumba cha duara kilichoezekwa paa la msonge.

Hakuifaidi. Annabella alifariki mwaka 1826, naye Campbell akamfuata mwaka uliofuata.

Shamba likapita mikononi mwa Thomas Icely, kisha Charles Smith, mfugaji wa farasi. Miaka ya 1840 Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ikaweka hapo farasi wa jeshi waliosubiri meli ya kwenda India. Baadaye vilikuja visa vya mizimu, kama ilivyo kwa kila jumba kubwa linaloanza kuchakaa. Mwaka 1949 shirika la serikali la mawasiliano ya ng'ambo lilinunua eneo hilo kwa ajili ya kituo cha redio. Miaka minane baadaye, nyumba ikabomolewa.

Kule Xiamen, China, majumba ya mabalozi na wafanyabiashara wa kigeni katika kisiwa cha Gulangyu yalitunzwa hadi UNESCO ikayaorodhesha mwaka 2017. Zanzibar tunalijua deni la kuchelewa: sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 25, 2020. Doonside hapakuporomoka kitu, palivunjwa kwa makusudi. Leo kiwanja cha Bungarribee kimo katika orodha ya urithi ya jimbo la New South Wales, nyumba yenyewe haipo.

Hata hivyo, kumlilia Campbell peke yake ni kusoma nusu ya historia. Hifadhi ya Nurragingy, papo hapo Doonside, ina bustani ya Kichina iliyojengwa kuenzi udugu wa Blacktown, mji ambamo Doonside imo, na mji wa Liaocheng, lakini jina la hifadhi ni la Mdharug. Mwaka 1816 Gavana Macquarie wa koloni hilo aliwaahidi Nurragingy na mwenzake Colebee ekari 30. Hati ilipotoka mwaka 1819, iliandikwa jina la Colebee tu.

Ekari 30 kwa wawili, 2,000 kwa mgeni mmoja. Mwaka 2018 Wadharug walirudishiwa kiwanja kilicho jirani, Oakhurst, ambapo watoto wao waliwahi kuwekwa katika shule ya serikali ya kikoloni.