Hukumu Isiyoandikwa: Ulevi wa Madereva na Kumbukumbu za Mahakama katika Masisi na Walikale

Utangulizi

Barabara inayopanda kutoka Sake kupitia Mushaki hadi Masisi-Centre hupitisha Fuso za viazi na maharage, pikipiki za abiria, na chukudu zinazoteremka mlima bila injini. Upande wa Walikale, wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, barabara nzuri ni adimu kiasi kwamba kipande cha lami cha Kilambo kiliwahi kuwa uwanja wa ndege ndogo zilizobeba madini ya kasiterite ya mgodi wa Bisie. Katika njia kama hizi, zenye kona, tope na watu wengi waendao kwa miguu, dereva aliyekunywa Primus, kasiksi au kanyanga ni hatari kwa kila anayepishana naye.

Makala haya yanauliza swali moja: dereva mlevi akiua au akijeruhi mtu katika wilaya hizi mbili, adhabu yake inaandikwa wapi, na nani anaweza kuisoma? Hoja yangu ni kwamba adhabu haijulikani kwa kusoma sheria peke yake. Inajulikana kwa kusoma hukumu. Na hukumu nyingi zinazopaswa kuwepo hazikuandikwa kamwe, kwa sababu kesi huishia njiani kabla ya kufika kwa karani wa mahakama.

Sheria inasema nini

Mwendo wa magari nchini Kongo unaongozwa na sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inayojulikana kama kanuni mpya ya barabara. Ajali ikileta kifo au majeraha, Kanuni ya Adhabu ya tarehe 30 Januari 1940 huingia. Kifungu cha 52 kinamtia hatiani aliyesababisha madhara kwa kukosa uangalifu au tahadhari, pasipo nia ya kumdhuru mtu. Hapo ndipo ulevi unapopata uzito wake kisheria: anayeshika usukani akiwa amelewa ametupa tahadhari kabla hata ya kuwasha gari.

Kifungu cha 53 kinaadhibu kifo kilichosababishwa hivyo kwa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini. Kifungu cha 54 kinaadhibu majeraha kwa kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1, pamoja na faini, au mojawapo ya adhabu hizo. Tofauti ya “pamoja na” na “au” ni kubwa kuliko inavyoonekana, nami nitairudia.

Faini zilizotajwa katika vifungu hivyo ni za zaire, sarafu ambayo haipo tena: mwaka 1993 ilikuja zaire mpya, na mwaka 1998 faranga ya Kongo. Kwa hiyo mkulima wa Nyabiondo anayesoma kifungu hatajua mtu alitozwa kiasi gani. Kiasi hicho kimo ndani ya hukumu, kama vile fidia ya familia ilivyomo humo, ikiwa familia iliomba kuwa upande wa madai katika kesi. Haki ya fidia yenyewe inatokana na kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha Kanuni ya Madai: aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake lazima alipe. Tena, tangu sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973, kila chombo cha moto kinatakiwa kuwa na bima ya madhara kwa wengine. Bila maandishi ya mahakama, mjane anayedai fidia ana neno lake tu mkononi.

Kesi inapopotelea

Sheria ya mwaka 2013 kuhusu mpangilio wa mahakama imeipa mahakama ya amani, ile tunayoiita tribinali ya pe, uwezo wa kusikiliza makosa yote ambayo kifungo chake hakizidi miaka 5. Makosa tuliyoyataja yote yanaingia humo. Kwa kanuni basi njia ni fupi: polisi wa rulaje, yaani wa barabarani, huandika taarifa ya ajali, parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, hufungua faili na kuipatia namba ya RMP, ya rejista ya parke, kesi hufikishwa mahakamani na kupata namba ya RP, ya daftari la jinai la mahakama, kisha hukumu husomwa hadharani.

Lakini kesi ina milango mingi ya kutokea kabla ya kufika huko. Mlango wa kwanza ni pale barabarani, ambapo noti hubadilisha mikono na hakuna karatasi inayobaki. Huo ni uhalifu juu ya uhalifu. Mlango wa pili ni halali: kifungu cha 9 cha Kanuni ya Mwenendo wa Jinai ya mwaka 1959 kinamruhusu afisa wa polisi wa upelelezi kumtaka mkosaji alipe kiasi fulani kwenye hazina ya serikali, akiona kwamba mahakama ingeishia kutoza faini tu. Hapa ndipo “pamoja na” na “au” zinapokutana na maisha ya watu. Kwa majeraha, faini peke yake inawezekana. Kwa kifo, kifungu cha 53 kinadai kifungo na faini kwa pamoja. Faili ya mtu aliyekufa haipaswi kufungwa mezani kwa polisi kwa malipo.

Mlango wa tatu ni baraza la wazee. Familia hukutana, mbuzi au ng'ombe hutolewa, gharama za mazishi hulipwa. Siidharau desturi hii. Inazuia kisasi pale ambapo kisasi kinaweza kuchoma kijiji, na mara nyingi humfikia mfiwa mapema kuliko jaji. Hata hivyo wazee hawana uwezo wa kufuta kosa la jinai, na mapatano yasiyoandikwa hayamwonyi mwenye gari wa kesho kwamba dereva anayemwajiri amewahi kuua akiwa amelewa.

Mahakama za kijeshi na vita

Tangu tarehe 6 Mei 2021, hali ya dharura ya kijeshi ilipoanza kutekelezwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, kesi za jinai za raia zilihamishiwa kwa majaji wa kijeshi. Kifungu cha 156 cha Katiba kinaruhusu uhamisho wa namna hiyo kwa muda, lakini kinakataza kusimamisha haki ya kukata rufaa. Kwa anayetafuta kumbukumbu, maana yake ni kwamba kesi ya ajali ya miaka hiyo huenda ikawa katika daftari la mahakama ya kijeshi, na anayeulizia kwenye mahakama ya amani pekee anaweza kurudi mikono mitupu.

Kisha vita vikaja karibu zaidi. Wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Masisi-Centre mwanzoni mwa Januari 2025, na Goma mwishoni mwa mwezi huo huo. Wafungwa wa gereza la Munzenze, mjini Goma, walitoroka kwa wingi. Mwezi Machi wapiganaji wa M23 walifika Walikale-Centre, wakaondoka mwezi uliofuata. Mji unapobadilisha mikono namna hiyo, karani hukimbia kama watu wengine, na daftari halina miguu.

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia madereva walevi wakati watu wanakufa kwa risasi ni anasa. Mimi naona kinyume chake. Aliyegongwa na Fuso amekufa vilevile, na watoto wake wanahitaji ada vilevile. Kesi ndogo ndiyo inayomwonyesha raia wa kawaida kama serikali ipo au haipo, kwa kuwa ndiyo atakayokutana nayo. Watu wakizoea kwamba kifo cha barabarani hakiandikwi, watazoea pia kwamba vifo vingine haviandikwi.

Namna ya kutafuta, na la kufanya

Katiba iko upande wa mtafutaji. Kifungu cha 20 kinafanya vikao vya mahakama kuwa vya hadhara, na cha 21 kinataka kila hukumu iandikwe, itolewe sababu na isomwe hadharani. Anayekwenda kwa karani aende na majina ya wahusika, tarehe na mahali pa ajali, na namba ya RMP au RP akiwa nayo. Asipokuwa na namba, aanzie parke. Aombe nakala iliyothibitishwa, na kila anacholipa adai risiti. Asichelewe: muda wa rufaa katika kesi ya jinai mbele ya mahakama ya amani ni siku 10.

Linabaki suala la lugha. Hukumu huandikwa kwa Kifaransa, ilhali mfiwa na dereva walijadiliana kwa Kiswahili tangu siku ya ajali. Kifungu cha 142 cha Katiba kinaitaka serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku 60. Wajibu huo ungetimizwa kwa kanuni ya barabara na kwa vifungu vya 52 hadi 54, kila motari, dereva wa pikipiki, wa Sake angejua kinachomngoja kabla ya kunyanyua chupa. Mahakama nazo zingeweza kubandika mlangoni, kwa Kiswahili, muhtasari wa kila hukumu ya ajali: kosa, adhabu, fidia. Na mabaraza ya wazee yaandike mapatano yao na kupeleka nakala parke.

Kwa familia iliyofiwa barabarani leo, nina neno moja. Msiiachie mahakama peke yake itunze hukumu yenu. Chukueni nakala siku hiyo hiyo inaposomwa, iwekeni pamoja na vyeti vya watoto, na mkikimbia, kimbieni nayo.