Neno « mungwana »: ginsi lilivyofika kwetu

Siku moja huko Bengamisa, kama kilometa 50 kaskazini ya Kisangani kwa barabara ya Banalia, tulikuwa tukisoma pamoja na makatekista sura ya 4 ya barua ya Mutume Paulo kwa Wagalata. Kitabu tulichoazima kilikuwa Biblia ya pwani, ile ya mwaka 1952. Humo Hajiri anaitwa mujakazi, na mwanamuke mwingine, maana yake Sara, anaitwa mwungwana. Muzee mumoja akasimama, akatuuliza: « Padri, basi Sara alikuwa mwanamuke wa Waarabu? » Vijana wakacheka. Sisi hatukucheka. Muzee huyu alisimuliwa na babu yake kwamba wangwana ndio watu waliokuja na bunduki, wakachoma vijiji na kuchukua wanawake na watoto.

Tuanze pwani. Zamani, kule Unguja, Mombasa na Lamu, mungwana alikuwa mutu aliyezaliwa huru, mwenye ukoo unaojulikana. Kinyume chake ni mutumwa. Naye mutumwa aliyeachiliwa aliitwa huru, neno lililotoka katika Kiarabu, lakini watu hawakumuhesabu sawa na mungwana: uhuru wake alipewa, hakuzaliwa nao. Waseminari wanaojua Kilatini watakumbuka maneno ingenuus na libertus. Ni tofauti ileile.

Katika karne ya 19 neno likaanza safari pamoja na misafara ya pembe. Wapagazi na askari waliotoka Unguja walipofika bara walijiita wangwana, ili wasichanganywe na watu wa bara, ambao wao waliwaita washenzi. Lakini, ajabu ya mambo, wengi wao walikuwa watumwa! Bwana wao alibaki nyumbani akila sehemu ya mushahara wao. Stanley alipofika kwenye maporomoko ya Boyoma mwezi wa Januari 1877, watu wa msafara wake waliitwa kwa jina hilo. Basi neno lilitufikia likiwa limekwisha kupindika.

Nyuma yao wakaja watu wa Hamed bin Muhammed, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip. Mwaka 1887 Leopold II alimufanya wali wa Stanley Falls. Mwaka 1890 aliondoka, asirudi tena. Waarabu wenyewe walikuwa wachache. Waliofika vijijini na bunduki walikuwa hasa Wamanyema, na vijana waliotekwa wangali wadogo, wakalelewa katika kambi, wakavaa kanzu, wakasema Kiswahili. Aliyetekwa jana, kesho aliteka wengine, na siku hiyo akaitwa mungwana. Tukiangalia vema, tutaona kwamba kwao neno halikusema tena habari ya kuzaliwa. Lilisema: mimi sikamatwi tena. Tusiwahukumu upesi. Mutoto wa miaka 8 aliyenyanganywa mama yake angejitafutia jina gani jingine?

Vita vya 1892 mpaka 1894 vilivunja nguvu za Waarabu, lakini neno likabaki, na lugha ikaitwa Kingwana. Ndiyo lugha ambayo wengi wetu tulifundishwa nayo kufanya ishara ya musalaba! Padri Gabriel Grison alifika Stanley Falls mwaka 1897, mwaka uleule ambao Sultani wa Unguja alitoa amri ya kuondoa utumwa kisheria.

Wazungu nao wana neno lililopata taabu kama hiyo. Waingereza husema free. Wataalamu wa lugha wanaonyesha kwamba mwanzoni shina lake lilikuwa na maana ya mupendwa, mutu wa nyumbani; friend, maana yake rafiki, ni ndugu yake. Na Warumi waliwaita watoto wao liberi, maana yake walio huru, ili kuwatenga na watumwa wa nyumba ileile. Lakini Waingereza walichukua neno hilo free wakaliweka katika jina la Dola la Leopold, tangu 1885 mpaka 1908, wakati watu wa musitu walipokuwa wakilazimishwa kutafuta mupira, na wake zao wakifungwa mpaka kikapu kijae.

Turudi kwa Sara. Mutu angeweza kusema: wekeni « huru », mambo yamekwisha. Sisi tunasita. Paulo katika sura ile anasema habari ya kuzaliwa, si ya kuachiliwa tu, na « mwungwana » wa pwani analingana naye barabara. « Huru » inapoteza nusu. Lakini huko Bengamisa neno lililo sawa ndilo linalonuka moshi. Siku ile tulimweleza muzee hayo yote, karibu saa nzima. Akasikiliza vizuri, kisha akasema: « Padri, basi useme tu kwamba Sara hakuna mutu aliyemununua. » Katekista akaandika hivyo kwa kalamu pembeni ya ukurasa. Kitabu tulikirudisha kwa mwenyewe na maandiko hayo ndani yake.