Izamal: Konventi juu ya Piramidi

Mjini Izamal, katika rasi ya Yucatán nchini Meksiko, historia mbili zimesimama juu ya mawe yale yale.

Wamaya walijenga huko piramidi kadhaa. Iliyo kubwa kuliko zote, Kinich Kak Moo, iliwekwa wakfu kwa mungu wa jua. Kitako chake kina upana wa karibu mita 200, na kimo chake ni mita 34 hivi. Wajenzi hao hawakuwa na nyundo za chuma, wala punda, wala ng'ombe wa kukokota: kila jiwe lilichongwa kwa jiwe jingine, likabebwa na binadamu.

Wahispania walipokwisha kuiteka nchi, Wafransisko waliibomoa sehemu ya juu ya piramidi nyingine, wakajenga juu yake konventi ya Mtakatifu Antoni wa Padua, iliyokamilika mwaka 1561. Mikono iliyoyapanga mawe upya ilikuwa ile ile ya Wamaya. Diego de Landa, aliyepata kuwa mkuu wa konventi hiyo, aliamuru mwaka 1562 vitabu vya Wamaya vichomwe moto huko Maní. Ajabu ni kwamba baadaye yeye mwenyewe aliandika juu ya desturi na herufi zao, na kazi yake iliwasaidia wataalamu wa karne ya 20 kuyasoma maandishi ya kale. Sidhani kwamba hilo linaufuta moto ule.

Mwezi Agosti 1993, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alikutana hapo Izamal na wawakilishi wa wenyeji asilia wa Amerika. Kinich Kak Moo ingalipo, na Kimaya kingali kinasemwa mitaani.